Wageni wa Nta

Tulipoambiwa kwamba Wazungu wanakuja kutazama nta yetu, jambo la kwanza nililouliza ni, "Wanataka nini hasa?" Meneja wetu akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. "Wanataka kutujengea kiwanda, Ndugu," akasema. Sikumwamini hata kidogo. Bwana huyo huyo, muda si mrefu, alikuwa amesimama mbele yetu wafanyakazi akitufundisha nyimbo za kuwalaani mabepari na mirija yao, mishipa ya shingo imemtoka. Leo alitaka tupake chokaa mawe ya njiani ili mabepari wasipotee.

Miaka hiyo ya Ujamaa nilikuwa nachuja nta kwenye ghala la shirika la umma, upande wa reli, Tabora mjini. Masega yaliletwa kwa magunia kutoka vijijini. Tuliyachemsha kwenye mapipa, tukayakamua, tukachuja, nta ikaganda kwenye makarai. Kazi yetu iliishia hapo. Nta ilipakiwa kwenye behewa kwenda pwani, kutoka pwani ikavuka kwenda Ulaya, na huko ndiko ilikogeuzwa mishumaa, dawa ya viatu na mafuta ya kujipaka, vitu ambavyo baadaye tuliviona madukani Gongoni kwa bei ya kutupigia kelele. Serikali ilitaka kazi hiyo ifanyike hapa hapa kwetu. Mitambo haikuwapo, wala uwezo wa kuinunua, ndiyo maana wakatafutwa wageni wa kuingia nao ubia. Neno mwekezaji halikuwa limetufikia. Tulisema wageni, na wengine walisema wanyonyaji, kwa sauti ya chini.

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa wafuga nyuki wa Itetemia, kijijini kwetu, na yeye aliwaamini wageni hao kabla hata hajawaona. Sijui tulitokaje tumbo moja la ukoo, mimi na yeye. Mimi nikipewa chenji dukani naigeuza pande zote mbili. Yeye alikuwa Mkatoliki wa rozari shingoni usiku na mchana, na neno la mtu kwake lilikuwa limekwisha kuwa kweli. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwahimiza wenzake wachonge mizinga mipya ya magome na kuitundika mbali zaidi porini, maana kiwanda kitataka nta nyingi. Wengi walimcheka. "Hawa ni wale wale," walimwambia. "Babu zetu walibeba pembe na nta mpaka Bagamoyo, wakarudi na kaniki na vidonda vya mabega."

"Safari hii hatubebi," akawajibu. "Safari hii kiwanda ndicho kinachotufuata. Kama nasema uongo, msinisikilize tena maisha yangu yote."

Niliposikia amesema hivyo niliogopa. Mtu mwenye busara haweki jina lake rehani kwa ajili ya watu asiowajua. Lakini nani angemwambia? Watu waliingia porini, wakachonga mizinga.

Siku moja kabla ya wageni kufika, meneja alikuja nyumbani kwa baba, ambako wageni wangepokelewa, kutupa maagizo. Yeye alikuwa mtu wa Tanga, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni, na nadhani alituonea haya kidogo. Aliagiza uwanja ufagiliwe, mbuzi wafungwe, watoto wavishwe. Kisha akagusia wanzuki, ile pombe yetu ya asali, ambayo mama alikuwa ameiandaa kwa ajili ya kuwakaribisha.

"Mzee, ile desturi yenu ya mwenyeji kunywa kwanza, kesho tuiache," akasema. "Wageni hawa wanaogopa vijidudu. Ukitia mdomo kwenye kata, hawainywi."

Kwetu hakuna anayempa mgeni kinywaji bila kukionja mbele ya macho yake. Ndivyo unavyomwonyesha kwamba hukumwekea kitu. Mtoto mdogo anajua hivyo. Baba akauliza, "Sasa watajuaje kwamba ni salama?"

"Watajua kwa sababu mimi nipo."

"Basi nitakunywa kwa kata yangu."

"Mwenyekiti hanywi pombe saa za kazi, Mzee. Watatuonaje?"

Baba akakubali. Mimi nilikuwa mlangoni, na hasira ilinipanda mpaka masikioni, lakini meneja alikuwa mkubwa wangu wa kazi na baba alikuwa baba yangu. Nikaenda kufagia.

Wageni walikuwa wawili. Mmoja mrefu, hakuvua kofia. Mwingine mnene, mwenye uso wa ukarimu, na tuliambiwa amewahi kuishi miaka mingi katika nchi za jirani. Waliingia porini kutazama mizinga, wakaipiga picha. Walikwangua nta yetu kwa visu, wakainusa, wakaitia kwenye vikopo vyao na kuvifunga kwa nguvu. Niliwatazama mikono tu. Hawakuuliza nani anaipika, wala inachukua muda gani. Mtu anayetaka kufanya kazi na wewe hukuuliza kazi yako. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilijiambia pia kwamba pengine nina roho mbaya.

Tukaketi. Mama akaleta kata, baba akampa yule mnene kwa mikono miwili. Mgeni akaipokea kwa mikono miwili vilevile, kama mtu aliyelelewa nasi, kisha akangoja. Akamtazama baba. Baba akatazama chini. Mgeni akaendelea kungoja, na wazee wote waliokuwa pale wakaanza kutazamana. Nilielewa kwamba mtu huyu anaijua desturi yetu, na anangoja mwenyeji aonje.

Hatimaye akamgeukia meneja, akamuuliza kwa Kiingereza mbona mzee hanywi. Kiingereza changu cha shule ya masista kilitosha kuelewa, na kilitosha pia kuelewa jibu.

"Mzee huyu ni Mwislamu," meneja akasema.

Baba alikuwa ameketi hapo hapo, rozari imelala kifuani juu ya kanzu nyeupe, msalaba wake mkubwa wa mbao unaonekana na kila mwenye macho. Mgeni akautazama ule msalaba. Akautazama tena. Kisha akaiweka kata chini mkekani, polepole.

Baba akaniuliza kwa Kinyamwezi, "Amesema nini?" Nikamwambia. Sikuwahi kumwona akiinuka haraka vile. Aliichukua kata, akainywa yote mpaka ikakauka, akafuta masharubu. "Mwambieni ni salama!" akasema. Lakini wageni walikuwa wamekwisha simama, wanakung'uta suruali zao na kusema asante, asante sana. Meneja aliwakimbilia mbele kuwafungulia mlango wa gari.

Tukangoja. Kiwanja cha kiwanda kilikuwa kimekwisha pimwa kule Ipuli, vigingi vimepakwa rangi nyeupe, na baba alikuwa akipita makusudi kuvitazama kila alipokwenda mjini. Mvua ikaja, nyasi zikavifunika. Ndipo meneja akaja Itetemia na kutangaza mkutanoni kwamba kiwanda kitajengwa pwani, karibu na bandari. "Kuna mambo yaliwakwaza wageni," akasema, akamtazama baba. Nilitamani kusimama na kumwambia ni uongo wa nani uliowakwaza, lakini baba alinishika mkono. Kuanzia siku hiyo, alipozungumza mkutanoni, watu walianza kuongea wao kwa wao kabla hajamaliza.

Dereva wa shirika ndiye aliyenipa habari nyingine. Tulikuwa tunapakia behewa, akaniambia kwamba siku ile ya kwanza, wakitoka stesheni, kabla hawajafika kokote, wageni walimuuliza mzigo unachukua muda gani kutoka Tabora mpaka bandarini. Alipowajibu walicheka. Yule mrefu akakunja ramani yake, akaitia mfukoni, hakuitoa tena. "Itetemia walikwenda kutembea tu," dereva akasema. "Na kuchukua sampuli."

Niliondoka kazini moja kwa moja nikaenda kwa baba. Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kama mtu anayepeleka dawa nyumbani. Nilimkuta uani akishona mzinga wa gome. Nikamwambia yote: ramani, kicheko, sampuli. Nikamwambia wanzuki haikuwa na neno, wala yeye, wala hata yule mjinga wa Tanga.

Aliendelea kushona. "Nani kakwambia?"

"Dereva."

"Dereva ni mlevi."

"Baba, hukuwafukuza wewe! Hawakuwa na nia tangu mwanzo."

Ndipo akaweka sindano chini, akanitazama. Hakuwa amekasirika. Alizungumza taratibu, kama mtu anayeombwa kitu asichoweza kukitoa.

"Niachie kosa langu, mwanangu," akasema. "Kosa hilo ndilo linaloonyesha walikuja kwetu kweli. Ukiniondolea hilo, nitawaambia watu kwamba wageni wale walikuja kwa ajili ya nani?"