Sayari Isiyohama

Juzi umeme ulikatika hapa Dar ninakoishi, mlinzi wa jengo letu akawasha kandili. Harufu ya mafuta ya taa ilipopanda ngazi, nikajikuta nimerudi Majengo, Moshi, nina miaka kumi, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa uani, natazama juu.

Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba nyota humetameta lakini sayari hutulia, na kwamba ukizifuatilia kwa subira utaona zinahama. Wenzangu waliandika, wakasahau. Mimi nilitoka kila baada ya magharibi kwenda kuhakikisha, maana sikuwa msichana wa kuamini kitu kwa kuambiwa tu. Zuhura niliijua, nyeupe, upande jua linakozama. Mshtarii niliijua. Na nilikuwa na ya tatu, ya kwangu mwenyewe, ya manjano, chini kabisa upande wa kaskazini, juu kidogo ya bati la jirani. Mchana mlima husimama pale pale. Usiku giza huumeza, usijue nyumba za watu zinaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Hiyo ya tatu ilitulia vizuri. Shida ni kwamba haikuhama.

"Profesa," Mudi wa chumba cha pili alikuwa akiniita, "sayari yako imepata pancha?"

"Inasubiri."

"Inasubiri abiria! Ikijaa itaondoka!"

Mama, aliyekuwa fundi cherehani, aliyacheka maneno ya Mudi kuhusu Zuhura na Mshtarii. Kuhusu ile ya manjano hakucheka hata mara moja. Jioni aliweka kigoda chake kikielekea kaskazini, akashona pindo kwa mkono. Nilidhani anafuata upepo.

Tuliishi wawili. Baba, fundi umeme, alifariki kabla sijajua kufunga vifungo vya shati langu. Ndugu zake, watu wa kanisa na kahawa huko juu mlimani, walimzika kwenye kihamba, migomba ya ukoo inayozunguka nyumba yao. Baada ya matanga hatukupanda tena. Hakuna aliyetufukuza. Hakuna aliyetuita pia. Desemba, nusu ya wapangaji walipobeba mabegi kwenda kula sikukuu kwao, uani tulibaki Mama, mimi na anga.

Kisha jioni moja umeme ulikatika mji mzima. Watoto walipiga kelele, halafu wakanyamaza, kwa sababu anga lilikuwa limejaa ghafla, nyota hadi pembeni. Niligeuka kaskazini kwa furaha. Sayari yangu haikuwepo.

Mudi aliona kabla sijapata la kusema. "Jamani! Wamekata umeme mpaka kwenye sayari!"

Uani kote walicheka. Nilikimbilia ndani. Mama alikuwa anawasha koroboi, chumba kimejaa harufu ile.

"Ile si sayari, mwanangu," alisema. "Ni taa ya kwa bibi yako. Baba yako ndiye aliyeifunga. Jumamosi akienda kumwona mama yake, akifika anaiwasha, nami huku najua kafika salama."

"Sasa anaiwasha nani?"

"Bibi yako."

"Anamwashia nani?"

Mama alipunguza utambi.

"Twende tukamuulize," nilisema.

"Hatujaitwa."

Chuoni nilijifunza kwamba kwa mtu aliye Moshi, hakuna sayari inayoweza kupita chini kiasi kile upande wa kaskazini. Njia yao haifiki huko. Kumbe ningeweza kujua mapema, kama mwalimu angemaliza somo.

Mwaka niliohitimu nilipanda peke yangu, bila kuitwa. Bibi alikuwa ameshafariki. Baba mdogo alinipokea langoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia jina la baba. Akaniletea kiti. Nguzo ya ile taa ilikuwepo bado, haina balbu. Nikamuuliza Bibi alikuwa akimwashia nani.

"Wezi wa ndizi," alisema. "Wazee na wezi wa ndizi, unawajua."

Nilitaka kuamini, jibu lilikuwa jepesi na lingenipumzisha. Lakini nilikwenda kusimama chini ya nguzo. Imekaa ukingoni mwa mteremko, kishikio cha balbu kimeelekezwa bondeni. Kihamba chote kiko nyuma yake, nyuma ya ukuta wa nyumba. Taa ile isingeweza kumulika hata mkungu mmoja.

Nilisubiri giza liingie. Moshi yote ikawaka chini yangu, rundo moja la taa, na mimi niliyezaliwa mle nilishindwa kuonyesha Majengo iko wapi. Miaka yote ile Bibi alitazama rundo hilo hilo. Utotoni nilijihesabu mimi ndiye niliyekuwa nikisubiri kuitwa. Kumbe kila jioni tuliitwa, na sisi huku chini hatukuwahi kuwasha chochote cha kumjibu.