Dobi Aliyeipa Reli Mgongo

Niseme mapema ili tusichoshane: huyu mwanamke nilimwonea wivu. Si ule wivu wa kusikia jirani kanunua kabati, ukanuna siku mbili ukasahau. Huu ulikaa nami miaka miwili, ukala nami, ukalala nami, mpaka mke wangu akawa ananiuliza nikirudi, "Haya, mke mwenzangu leo kasemaje?" Alikuwa anamsema Dobi. Mimi najitia hamnazo, naulizia chai.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko mlangoni mwa stesheni, na chama chetu nilikianzisha mimi, hilo halina ubishi. Tulikuwa watatu: mimi, mfamasia wa duka la dawa la ng'ambo ya barabara, na Mzee Breki, dereva wa treni aliyestaafu na goti moja bovu. Kila Jumamosi asubuhi tulikaa kwenye benchi la jukwaa la pili tukitazama vichwa vya treni. Basi. Wengine wana mpira, sisi tuna vichwa vya treni. Kila kichwa kina namba ubavuni, nasi tunavisema kama watu: Hamsini na Mbili kachelewa, Arobaini na Nne kapakwa rangi, Thelathini na Saba anazeeka vibaya.

Kila mmoja ana daftari. Sheria niliitunga mimi na kuiandika kwa mkono wangu kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari: namba, saa, jina la shahidi, na mahali shahidi alipokuwa. Hakuna shahidi, hakuna treni. Niliiweka kwa sababu ya Mfamasia, mtu mwema, lakini akianza kutia chumvi hana kipimo. Tukamfanya katibu ili atulie, na mwisho wa kila kikao yeye husoma kwa sauti yote tuliyoandika wiki ile.

Halafu akaja Dobi. Alikuja kibandani na ndara zilizokatika mkanda, siku ya kazi, Mzee Breki akiwa ameketi pale ananipigia soga. Treni ikapita nyuma ya ukuta, kusikoonekana. Nikasema, "Arobaini na Nne huyo." Yule mama hata hakuinua uso.

"Samahani kaka," akasema, "Arobaini na Nne akiondoka anakohoa mara mbili kwanza. Huyu ni Thelathini na Nane."

Mzee Breki akajikokota mpaka getini na goti lake, akarudi anacheka. "Thelathini na Nane," akasema. "Mama, hebu keti." Akampa kiti alichokuwa amekalia yeye, na mimi aliyewahi kunipisha kiti simkumbuki. Siku hiyo ndara zile nilizishona vibaya makusudi, zikarudi baada ya wiki, nikazishona tena bure.

Ilibidi nimjue, kwa kuwa mtu huwezi kumchukia vizuri bila kumjua. Nyumba yake iko hatua kumi na mbili kutoka relini, nimezipima. Aliolewa pale akiwa na miaka kumi na tisa, na mume aliyekuwa dobi kabla yake. Mume akafariki, watoto wako watatu, pasi iko mezani, akaishika. Anafua mashuka ya hoteli moja na makoti ya zahanati, vitu vyeupe vitupu. Na hapo ndipo penyewe. Vichwa vingine vinapita salama, vingine vinatema masizi. Akipita Thelathini na Saba na shuka ziko kambani, umefua bure. Kwa hiyo alijifunza kumsikia angali mbali, nyuma ya kona ya ghala, azianue kabla hajafika. Kwa Hamsini na Mbili anaziacha zilivyo. Meza ya pasi ameielekeza ukutani ili vumbi la reli lisimpige usoni wala kwenye nguo anazonyoosha, na miaka thelathini amesimama hapo, reli ikiwa mgongoni. Hakujifunza kwa mapenzi, alijifunza kwa sababu ya sabuni. Mimi nilijifunza kwa mapenzi tangu nikiwa na miaka minane, juu ya mabega ya baba, na bado alinishinda. Hilo ndilo lililoniuma roho.

Akaingia chamani. Mzee Breki, ambaye hadithi zake zote za mlima na breki zilizokatika alikuwa akinihadithia mimi, sasa akawa anageuza shingo upande wa Dobi. Mfamasia akamletea daftari lenye jalada gumu. Madaftari yetu sisi ni yale ya shule. Dobi akaandika treni zake za wiki nzima, alizozisikia peke yake nyumbani, na Jumamosi akaomba mashahidi.

"Kwa masikio hatuandiki," nikasema. "Sheria ni macho na shahidi."

"Sawa, Fundi," akasema. Wala hakununa. Aliendelea kuandika, safu ya shahidi akiiacha tupu, ukurasa baada ya ukurasa. Kule kutonuna kwake kulinikera kuliko kama angenitukana.

Mwaka huu ikatangazwa kwamba Thelathini na Saba anastaafishwa. Angeendeshwa peke yake, bila behewa hata moja, kutoka stesheni mpaka karakana, akatwe huko kuwa vyuma chakavu. Mkuu wa stesheni, ambaye viatu vyake ninavitengeneza mimi, akatuambia chama kina nafasi moja katika chumba cha dereva. Moja tu. Nilishuka benchi nikajifanya nafunga kamba za viatu, maana uso ulikuwa umenibadilika. Nina miaka hamsini na minane. Kile kiti nilianza kukitaka nikiwa mabegani kwa baba, na siku zote kilikuwa cha mtu mwingine.

Mzee Breki akasema goti lake haliwezi ngazi, na Mfamasia akasema kelele zinampa kizunguzungu. Tukabaki wawili. "Mtihani," akasema Mzee Breki. Jumamosi ile tukageuza benchi, mimi na Dobi tukaipa reli mgongo, yeye akakaa mbele yetu kutazama. Treni tano. Atakayezitambua nyingi anapanda, wa pili anakuwa mbadala.

Nne za kwanza tulipata wote, na sitaki kudanganya, jasho jembamba lilikuwa linanitoka. Ya tano ikapiga honi kabla ya kona ya ghala. Ile honi ningeitambua hata nikiwa kaburini, ndefu, imepasuka mwishoni. "Thelathini na Saba," nikasema, hata pumzi sijavuta. Dobi akangoja treni ikaribie, ameweka kiganja kwenye ubao wa benchi.

"Honi ni ya Thelathini na Saba," akasema. "Mwenyewe ni Hamsini na Mbili."

Tukageuka. Hamsini na Mbili akatupita na namba yake ubavuni. Mzee Breki akacheka mpaka akashika goti. Kumbe karakana walikuwa wamemfungua Thelathini na Saba honi mapema, kwa kuwa anastaafu, wakamfungia mwenzake, na yeye wakampachika kihoni cha kuazima. Nikampa Dobi mkono wa hongera. Mkono wake ulikuwa mkavu, umeungua sehemu mbili, na niliuachia upesi.

Safari ilipangwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Jumatano jioni mkuu wa stesheni akapita kibandani kuchukua viatu.

"Ratiba imebadilika," akasema. "Anaondoka saa moja, saa tatu njia itakuwa na treni ya mizigo. Mwambie Dobi. Namba yake sina."

"Ninayo," nikasema.

Na kweli nilikuwa nayo. Nikatoa simu, nikalitafuta jina lake, nikalitazama. Halafu nikairudisha mfukoni nikachukua nyundo. Nilijiambia nitapiga nikimaliza kisigino kile. Nikamaliza visigino vinne.

Alhamisi saa moja kasorobo nilikuwa jukwaani na shati la harusi. Dereva akachungulia nyuma yangu. "Dobi yuko wapi?"

"Anaumwa," nikasema. "Mimi ndiye mbadala."

Nikapanda ngazi tatu za chuma. Nitakuambieni ilivyokuwa, maana nilikilipia kiti kile kwa bei ambayo bado ninaiona. Ngozi yake ilikuwa imechanika, na mtu fulani aliishona kwa uzi mbaya, nikawa naugusa ule mshono kwa kidole. Kulinuka mafuta na chuma cha moto. Injini ilipoamka, kelele zilijaa kichwani hadi meno yakatetemeka, na kwa dakika kama kumi hivi nilikuwa na miaka minane, sikuwa na wivu na mtu yeyote duniani.

Tukapita kona ya ghala. Nyumba ya Dobi ikatokea, hatua zake kumi na mbili. Kamba zilikuwa tupu. Mashuka yalikuwa kwenye kapu, yamefunikwa, alikuwa ameshamsikia. Alisimama mezani kwake, ametupa mgongo kama siku zote, pasi ameiweka kando, kiganja kimekaa juu ya ubao wa meza. Na alikuwa amevaa gauni la kutokea, la bluu, na viatu vile nilivyovitia soli mwezi uliopita. Alikuwa amejiandaa kwa ajili ya saa tatu, akaamua kumalizia shuka mbili tatu kwanza.

Hakugeuka. Nilimtazama mpaka shingo ikaniuma, na hakugeuka. Njia iliyobaki mpaka karakana siikumbuki, na ukiniuliza kuna nini kule, sijui.

Jumamosi nilitaka kubaki nyumbani. Mke wangu akanitazama akasema, "Mwanamume mzima unaumwa tumbo kila ukiona aibu," nikaenda. Dobi alikuwa ameshafika. Mfamasia, kwa moyo wake safi, akamwambia, "Pole na kuumwa, Dobi. Dereva alituambia."

Dobi akanitazama. Si kwa muda mrefu.

"Nimeshapoa," akasema.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilijiandaa kwa kelele, hata kwa kofi, nilikuwa na majibu yangu. Yeye akamgeukia Mzee Breki. "Alipita saa moja na dakika kumi. Honi si yake, lakini ndiye. Kuna kitu kilikuwa kinagonga chini, gurudumu la pili, upande wa kushoto. Sijui kama na humo ndani kilisikika."

"Karakana wamekuta kiatu cha breki kimelegea," akasema Mzee Breki. "Hapo hapo, gurudumu la pili. Fundi, si ulikisikia?"

Nilikuwa nimekaa juu yake. Sikusikia kitu. Na hata saa ile, uso umenishuka, sina pa kuuficha, niliuhisi ule wivu ukipanda tena, kwamba mwanamke yule hata alipoibiwa safari aliipata zaidi yangu mimi niliyemwibia.

Dobi akafungua daftari lake na kuniwekea mapajani. Mstari ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wake mdogo: Thelathini na Saba, Alhamisi, saa moja na dakika kumi. Safu mbili za mwisho tupu, chini ya nyingine nyingi zilizo tupu.

"Hakuna shahidi, hakuna treni," akasema, taratibu kabisa. "Sheria ni yako, Fundi. Naomba shahidi."

Akanipa kalamu. Ningeweza kuandika jina langu na "ndani ya treni", na mambo yakaishia hapo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshanifunikia. Nikaandika jina. Safu ya mahali ni nyembamba, niliichora mimi mwenyewe kwa rula, kwa hiyo maneno yalivuka mstari yakaingia pembeni mwa ukurasa: Kwenye kiti chake. Hakuumwa. Niliagizwa nimwambie saa, sikumwambia.

Mfamasia akavaa miwani, akanyoosha mkono kuchukua daftari, akaanza kusoma kwa sauti.