Kompyuta ya gemu iliyokataa kuwaka Timboroa

Asubuhi ya baridi mjini Eldoret, Nasike Mabonga amefunga mlango wa chumba chake cha kazi ili vumbi la barabarani lisiingie. Mezani kuna bodi, prosesa, feni na kadi ya picha ambayo ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi lake. Chini ya chumba hicho ni duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe imepanda ngazi hadi kwake.

Anakaza skrubu ya mwisho, anachomeka waya wa stima na kubonyeza. Feni zinazunguka.

"Imeamka," anasema, kwa mazoea tu. Siku nyingi hakuna wa kumsikia.

Mashine hii inaenda Sugoi, kwa mteja ambaye Nasike hajawahi kumtia machoni. Waliandikiana kwa simu, pesa zikaja kwa simu, na mchana boksi litapakiwa kwenye gari la vifurushi. Wengi wa wateja wake ni hivyo.

"Kuna wiki nzima sauti yangu naisikia tu nikiongea na feni," anasema, na kucheka kidogo.

Nasike, mwenye umri wa miaka 29, ni mzaliwa wa Bungoma. Alikuja Eldoret kusoma chuo na hakurudi. Kazi yake ni kuunda kompyuta za gemu, kifaa kimoja baada ya kingine, kulingana na mfuko wa mteja. Mwezi mzuri hubaki na shilingi elfu thelathini baada ya kulipa kodi ya hapa na ya chumba anacholala mtaani Huruma, mjini humu. Mwezi mbaya hupata ya kodi peke yake.

"Watu wanafikiri kazi ni kukaza skrubu," anaeleza. "Kazi ni kuchagua. Mtu anataka kadi kubwa kwa sababu ameiona kwa simu, halafu pawa saplai, ile ya kuigawia stima, ananunua ya bei rahisi. Itazimika akiwa katikati ya gemu. Lazima ujue anacheza nini, anachezea wapi, na anacheza na nani."

Kazi hii aliianza pamoja na rafiki yake wa chuoni, Jepchumba. Kila mashine waliyomaliza waliijaribu kwa kucheza wao wawili, na aliyeshindwa alinunua chai. Kisha Jepchumba akapata kazi Qatar. Mwanzoni walipigiana simu kila Jumapili. Sasa hutumiana salamu za Krismasi.

"Siku hizi najaribu mashine nikicheza na mashine," anasema Nasike. "Nikishinda, sina wa kumcheka."

Mwaka jana alipata ujumbe kutoka Ireland. Mwandishi wake alikuwa Betty, muuguzi, na kwa maandishi yake alionekana amechoka. Baba yake anayeishi Timboroa, kule juu milimani, alikuwa anataka kompyuta ya gemu. "Sijui amepatwa na nini," aliandika. "Mtengenezee tu. Nitalipa."

Nasike alimpigia mzee mwenyewe. Simeon Kinuthia aliendesha malori kutoka Mombasa hadi Kampala na Kigali kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka kiharusi kilipomlegeza mguu wa kushoto na daktari akamkataza usukani. Mkewe alikuwa amefariki. Alikuwa ameona kwenye simu ya jirani gemu ya kuendesha malori, na tangu siku hiyo hakulala vizuri.

"Mzee, utakuwa ukicheza na nani?" Nasike alimuuliza, kama anavyouliza kila mtu.

"Na nani tena?" mzee akajibu. "Peke yangu. Na iwe na klachi. Sitaki gari la kujiendesha kama la watoto."

Nasike alikaa na oda hiyo siku kadhaa. Fundi mwingine angemaliza pesa zote kwenye kadi ya picha. Yeye alichagua kadi ya wastani, kwa kuwa gemu ya malori haihitaji makubwa, na pesa iliyobaki akaigawa. Alinunua usukani mzito unaotetemeka barabara ikiwa mbaya, na spika nzuri ili mzee asikie injini ikivuta mlimani. Aliongeza betri ya akiba, kwa sababu Timboroa upepo ukivuma stima hupotea. Pedali ya klachi aliiacha mahali pake, lakini kazi yake akaihamishia kwenye kibonye cha usukani, mkono ufanye kile mguu usichoweza.

Aliipeleka mwenyewe. Mzee Kinuthia alikuwa amevaa koti na kofia, kana kwamba anasafiri. Alianza kuendesha. Alibadilisha gia, akasikiliza, akabadilisha tena, na machozi yakamtoka bila yeye kuyapangusa.

"Kaa hapo," akamwambia Nasike, akimwonyesha kiti cha kushoto. "Dereva hawezi kwenda bila tanboi wa kumsaidia njiani."

Nasike alikaa mpaka lori likafika.

Baada ya wiki mbili simu ikalia. "Hii mashine imekataa kuwaka," mzee alisema. Nasike akapanda hadi Timboroa na kukuta waya wa stima umelegea nyuma. Akausukuma ndani, wakanywa chai, akarudi. Mwezi uliofuata, simu tena, na waya umetoka tena. Akadhani ni paka.

Mara ya tatu alikasirika. Siku hiyo mteja wa mjini alikuwa anamsubiri, na alipoambiwa fundi amesafiri, akaenda kwa mwingine. Nasike alifika Timboroa akiwa amepanga maneno. Akainama nyuma ya mashine. Waya ulikuwa umechomolewa na kukunjwa vizuri, ukafungwa kwa uzi.

Nyuma yake alisikia mzee akipanga vikombe mezani. Vilikuwa viwili, na mkate ulikuwa umeshakatwa.

"Nilijua kabisa anachofanya," anasema Nasike. "Kwa sababu hata mimi kuna siku nimeenda kuuliza bei ya kitu dukani na nilikuwa najua bei."

Alichomeka waya, akakaa, akanywa chai. Ndipo akasema, "Mzee, mashine isiharibike tena. Wewe piga tu simu, sema nije."

Mzee Kinuthia aliangalia kikombe chake.

"Na utakuja bila kitu kuharibika?"

"Nitakuja."

"Hata kama ni mbali hivi?"

"Mzee, si ulisema dereva haendi bila tanboi?"

Tangu hapo huenda Timboroa Jumapili moja kila mwezi. Si dawa ya kila kitu. Jioni hurudi Huruma, hufungua kufuli, na chumba ni kimya vilevile alivyokiacha.

Sasa ana mpango. Gemu ile inaruhusu watu wawili walio nyumba tofauti kuwa kwenye barabara moja, kila mmoja na lori lake. Shida ni kwamba Nasike, aliyeunda mashine za watu wengi, hana yake. Zote huondoka. Pembeni mwa meza ameanza kuweka vifaa vyake mwenyewe: kasha lenye mkwaruzo, bodi, prosesa ya mtumba. Bado kadi ya picha, na anaomba aipate kabla ya Desemba.

Mzee Kinuthia tayari ameshapanga safari. Wataanzia Mombasa, na yeye ndiye atakayetangulia.

"Anasema mimi nakanyaga breki kama mtu anayeua nyoka, kwa hivyo nikae nyuma yake," anasema Nasike, akifunga boksi la Sugoi kwa utepe. "Nimemwambia sawa. Bora tu asinikimbie."