Suti za Boaz Mudaki

Boaz Mudaki alikuwa na suti kumi na moja, na katika hizo hakuna hata moja nyeusi. Alikuwa na ya zambarau, ya kijani kibichi, ya rangi ya haradali, na moja ya waridi aliyosema ni ya pichi, na kwa heshima ya umri wake tukubali ni ya pichi. Alizivaa Jumapili tu, akienda kanisani, na alihakikisha amechelewa ili watu wawe wameshaketi na macho yao yasiwe na kazi nyingine.

Siku sita zilizobaki alikuwa mlinzi. Kwa miaka kumi na sita alisimama mlangoni mwa jumba moja la fleti huko Al Mankhool, Dubai, ndani ya sare ya kampuni. Sare zililetwa zikiwa na saizi mbili, ya kukubana na ya kukupwaya, na Boaz, kwa urefu wake wa kwao Vihiga, alipewa suruali iliyoishia juu ya kifundo cha mguu. Wapangaji wa jumba lile walimjua kwa soksi zake.

Alipofika miaka hamsini na saba, kampuni ilimwita ofisini, ikamshukuru kwa Kiingereza na kumwambia khalas, yaani kazi imekwisha. Ruhusa yake ya kukaa nchini ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Jioni hiyo, katika chumba cha Al Baraha alicholala na wanaume wengine watano, alimpigia mkewe Serah.

"Baba Daisy, rudi tu nyumbani," Serah alisema. "Harrison ndugu yako amekutafutia kazi tayari. Ile shule ya wasichana, pale getini. Anasema wana sare nzuri."

Boaz alikata simu akatazama suti zake, zilizoning'inia kwenye bomba la chuma juu ya kitanda cha Hudson, kijana wa Kisii aliyelala akiwa na miguu ya suruali usoni.

"Mzae, utazipeleka wapi zote hizi?" Hudson aliuliza. "Wasichana wa shule watakimbia."

Boaz hakucheka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijua jambo analotaka, na lilikuwa dogo la kuaibisha. Alitaka kazi ambayo hakuna mtu atakayempa nguo za kuvaa.

Asubuhi alivuka na abra, mashua ya abiria, hadi Bur Dubai, kwa Tamim. Tamim alikuwa mtu wa ukoo wa Unguja, mwenye duka la kushonea suti, na tisa kati ya zile kumi na moja zilitoka mikononi mwa mafundi wake. Alimsikiliza Boaz mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Mzee Boaz, mie nataka muuzaji, sitaki mlinzi. Lakini nakupa wiki mbili. Ukiuza, nakuandikia visa. Usipouza, tutaagana kwa wema, inshallah."

Siku ya kwanza Boaz alivaa ya zambarau, akasimama mlangoni, miguu imeachana, mikono nyuma. Mpaka adhuhuri hakuna aliyeingia. Wapita njia walimwona jitu lile limeziba mlango wakadhani ndani kuna mheshimiwa anapimwa. Mama wawili wa Kihindi walipojitosa, aliwauliza wanamtembelea nani, wakaomba radhi na kuondoka.

Siku ya tatu alifanya vibaya zaidi, tena kwa bidii. Alinunua daftari, akalipigia mistari kwa rula, akawa anawaandikisha wateja: jina, simu, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sababu ya kuja. Tamim alilikuta jioni. Watu kumi na wanne walikuwa wameingia na wote walikuwa wametoka. Kwenye sababu ya kuja, mmoja aliandika "kuangalia", mwingine "sijui tena".

"Mzee Boaz," Tamim alisema taratibu, "hawa umewahoji. Umewauzia nini?"

"Hakuna kilichoibwa, sir," Boaz alisema, na alisema kwa fahari, maskini.

Wiki ya kwanza ikaisha hajauza hata tai. Alianza kuota geti la shule ya wasichana.

Siku ya kumi waliingia Ignatius, Mganda wa mapokezi katika hoteli moja ya Al Mankhool, na mchumba wake Harriet. Harusi ilikuwa Masaka, mwezi uliofuata. Tamim, ambaye sasa hakutaka tena kubahatisha, aliwahudumia mwenyewe. Alimtolea Ignatius suti ya kijivu iliyoachwa na mteja mwingine, akamvalisha, akalivuta koti kwa nyuma na kulishikilia ili kioo kisione upana wake. Mikono ilifika kwenye vidole.

"Tukipunguza kidogo, itakaa," Tamim alisema.

Ignatius alisema ni sawa tu, ngoja aitazame kwenye mwanga wa nje. Alipofika mlangoni alikuta mkono wa Boaz umekingama.

"Samahani, sir. Hutoki."

"Mzee, mimi siibi. Nataka tu kuona."

"Najua huibi. Lakini na suti hiyo hutoki."

"Mzee Boaz, mwache mteja apite!" Tamim alisema kwa ukali.

Boaz hakusogea. 

"Mimi nilioa na koti la kuazima, la mjomba wangu. Picha iko ukutani mpaka leo. Mikono yangu haionekani. Binti yangu Daisy akiwa mdogo aliniuliza kama nilizaliwa bila mikono, ikaota baadaye. Nikiwa likizo na wageni wakija, naketi nikiipa hiyo picha mgongo. Kijana, utaoa mara moja. Usioe ndani ya nguo za mtu mwingine."

Harriet alicheka mpaka akashika meza, kisha akajifuta machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko.

"Ignatius, toa hiyo," alisema. "Mzee, wewe ungemvalisha nini?"

Boaz aliacha mlango. Alikwenda moja kwa moja kwenye majora, akashusha kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, akakitandaza begani kwa Ignatius.

"Si watu wote wataniangalia?" Ignatius aliuliza.

"Kwani umewaalika waje kumwangalia nani?"

Waliagiza suti hiyo, na nyingine nne za wasimamizi. Ijumaa walikuja Waganda saba, wametumwa na Harriet, wakimuulizia mzee anayekataza watu kutoka.

Siku ya kumi na nne Tamim aliweka karatasi ya visa mezani. Juu yake akaweka fulana ya kola, ya rangi ya chungwa, yenye jina la duka kifuani na tena mgongoni.

"Nimechapisha kumi. Kuanzia kesho duka zima tutavaa hizi."

Boaz aliishika. Aliijua nailoni ile kwa vidole. Alihesabu siku zilizobaki, akamfikiria Harrison na geti lake.

"Sir, karatasi naitaka. Fulana siwezi."

"Ni fulana tu, mzee wangu. Na mambo haya mawili yanakwenda pamoja."

Boaz aliikunja vizuri, akairudisha mezani, akampa mkono, akatoka. Alipofika kona ya kwanza alimpigia Serah.

"Nimekataa kazi," alisema.

"Kwa nini?"

"Walitaka nivae fulana."

"Ya rangi gani?"

"Chungwa."

"Ina maandishi?"

"Mbele na nyuma."

"Umefanya vizuri," Serah alisema. "Sasa rudi uichukue hiyo kazi bila fulana. Mimi miaka kumi na sita nimeolewa na picha ya mtu mwenye kofia ya kampuni. Nimechoka pia."

Boaz aliitia simu mfukoni. Kisha alirudi dukani.

Tamim hakuinua macho. Karatasi ilikuwa bado mezani, kalamu juu yake, na fulana ilikuwa imevalishwa sanamu la dukani, lile lisilo na kichwa, lililosogezwa mpaka mlangoni.

"Nimeajiri mlinzi," Tamim alisema. "Huyu habishi. Wewe njoo utie saini, wateja wanakungoja."

Kola ya sanamu ilikuwa imelala upande. Boaz aliinyoosha kwanza, halafu akaenda kutia saini.