Baba Mkwe wa Chama Kizima

Mwalimu wangu wa chuo kikuu alinituma Kyela kwa sababu mbili: chama cha akina mama wakulima wa mpunga kilikubali kumpokea mwanafunzi mmoja, na mwanafunzi aliyeombwa kabla yangu aliogopa mbu. Nilitakiwa nikae nao msimu wa mavuno, niwaulize soko huria limewaletea nini tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe. Nisiporudi na majibu yao, ufadhili unakatika, nami narudi Tanga kupima sukari dukani kwa baba.

Mbeya nilishuka kwenye treni, nikapanda basi. Tukuyu kulikuwa na ukungu na baridi. Kadiri tulivyoteremka nikavua koti, kisha sweta. Kufika Kyela nilikuwa nimebakiza heshima tu. Sokoni kulijaa sabuni za kila rangi, na watu wazima walisimama wakizinusa bila kununua.

Kijijini Busale nilipokelewa na Mzee Ambakisye, mlezi wa chama. Akanipa ndizi, akasema mgeni hakai bila ukoo, basi niwe mjukuu wake. Mimi nimekulia dukani, bei ya kwanza siikubali. Nikamwambia ujukuu ni mdogo kwa mtu wa chuo kikuu. Akapanda: mtoto. Nikajifanya nafunga mzigo. Mzee akacheka, akanifikisha kuwa mdogo wake wa tumbo moja. Nililala nikijipongeza.

Asubuhi niliwafuata akina mama shambani. Wa kwanza kuniona alijifunika kanga usoni, akapotelea migombani. Wengine wakatawanyika. Nikahesabu waliobaki, nikahesabu tena. Sifuri ni sifuri. Ikawa hivyo wiki nzima. Hata chakula changu kiliachwa njiani, mletaji akikohoa kwa mbali ili nikifuate.

Mwishowe mwenyekiti wao, Mama Tupokigwe, alizungumza nami kutoka nyuma ya ukuta wa ghala. Alinieleza kwamba kwao mke hamtazami baba wa mumewe, wala ndugu wa baba huyo. Na karibu chama kizima kimeolewa na wana wa Mzee Ambakisye na wa ndugu zake.

“Kwa hiyo mimi ni nani?” nikauliza.

“Baba mkwe wetu, tata, baba yetu. Tunakuheshimu sana. Ila usisogee.”

Nikarudi kwa mzee kuomba cheo kishuke hadi ujukuu. Akakaza: ndugu hatupwi. Nikambembeleza hadi jasho likanitoka, tena kwa kitu nilichopewa bure.

“Mjukuu hufukuza ndege kwenye mpunga,” akasema, “na hutumwa na kila mama.”

“Nimekubali.”

“Hukuuliza hadi lini.”

Kesho yake nilikuwa shambani napiga debe, mama zangu wapya wamenizunguka. Mama Tupokigwe alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, akasikitika.

“Kumbe kadogo hivi? Na tulivyokuwa tunakakimbia!”

Wakanieleza yote, kuanzia bei zinazogeuka kati ya asubuhi na jioni hadi mnunuzi anayeegemea mzani kwa tumbo, huku wakinituma maji, kuni na moto.

Siku ya kurudi walinisindikiza hadi stendi ya Kyela na mfuko wa mchele. Nikaupokea bila kuupima. Dukani nilifundishwa kwamba anayekubali bei ya kwanza ni mjinga. Busale nimejifunza kuuliza kwanza mzigo unakuja na nini.

Mzee akaninong'oneza kwamba nikimaliza shahada yuko tayari kunipandisha kidogo. Nikamwambia ndaga, babu, ahsante, ujukuu unanitosha, nikamwomba kondakta aondoe gari.