Boti Aliyoichukua Mjomba Bila Kuulizwa

Kinole, milimani kwa Waluguru, hakuna boti. Kuna migomba, minanasi, mdalasini na karafuu, kuna vijito vya kurukwa kwa hatua moja, na kuna ukungu ambao asubuhi nyingine unakuja mpaka mlangoni. Hata hivyo, ukitaka kujua namna ya kukodi boti ndogo ya injini kisiwani ukaenda na kurudi na watu wako wote, mtu wa kumuuliza yuko hukohuko mlimani. Ni Mzee Mwinjuma. Aliishi Mafia miaka ishirini na moja akikodisha boti kwa wageni, kisha akarudi kwao kubandua mdalasini, na tangu arudi hakuna jirani aliyewahi kumuuliza lolote kuhusu bahari. Watu wa Kinole ni waungwana sana, ila bahari haiwahusu.

Saa tatu asubuhi alikuwa amekaa kwenye gogo nyuma ya nyumba, kisu mkononi, magome mabichi yametandazwa juu ya jamvi, simu ikaita. Ilikuwa ya picha. Alikuwa Mwanahawa, mtoto wa dada yake Shadia, muuguzi wa mjini Morogoro, ambaye mwanzoni mwa wiki alipanda basi Msamvu na mumewe Hamza na watoto wao wawili kwenda Mafia kupumzika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Kisiwa kinasemaje?"

"Kizuri, mjomba. Kesho tunaondoka. Leo tunakodi boti twende kwenye lile fungu la mchanga ulilokuwa unatusimulia. Dereva ni Hamza mwenyewe, wamemfundisha jana. Nimeona nikuoneshe kwanza."

Akageuza simu. Mzee Mwinjuma akaiona bahari, imejaa kwenye kioo kidogo chenye ufa, na kwa mbali ule weupe wa fungu linaloanza kutoka maji yakipwa. Alikuwa hajaiona tangu mwaka alioondoka, na hakujua kama ameikumbuka kiasi hicho.

"Boti yenyewe iko wapi?" akauliza.

"Inaletwa. Ikifika nakupigia."

Akaweka kisu chini. Mdalasini ungesubiri.

Alifika Mafia mwaka tisini na moja, kijana wa miaka ishirini na tisa asiyejua kuogelea. Ujuzi wake ulikuwa injini, alioupata kwenye mashine ya kusaga kule Kingolwira. Mwenye boti alimchukua kwa ajili ya mikono yake tu, atengeneze injini zikiharibika. Lakini Mwinjuma alikuwa na kitu ambacho wenyeji hawakuwa nacho, nacho ni woga wa mgeni. Mtoto wa pwani anayajua maji kabla hajajua kusema, kwa hiyo akikodisha boti anasahau kwamba mteja hayajui. Mwinjuma hakusahau. Kila alichokiogopa yeye alikigeuza swali, na baada ya mwaka mmoja mwenye boti akamwachia shughuli yote.

Mgeni aliketishwa kwanza ndani ya boti ikiwa bado juu ya mchanga. Alinyanyua tangi la petroli kwa mkono wake mwenyewe, aujue uzito wake, kisha akaambiwa theluthi moja ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya tatu asiiguse. Kamba nyekundu ya kuzimia injini alifungwa kwenye kifundo cha mkono. Ukidondoka majini, alimweleza, kamba inachomoka na injini inazima, boti haikurudii na pangaboi lake. Jaketi la kuokolea lilivaliwa palepale ufukweni, si huko mbele ya safari, na kama kuna mtoto, Mwinjuma alimshika mabega ya jaketi akamwinua kidogo. Likipanda mpaka masikioni, si lake. Akatazama makasia, nanga, kopo la kutolea maji, maji ya kunywa. Mwisho akaandika ubaoni kwa chaki jina la mtu, anakokwenda, na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita, Mwinjuma yuko njiani kumfuata.

Wageni walimtania. Mmoja alimuuliza amezaliwa kisiwa gani, akajibu mlimani, na yule mgeni akacheka kweli kweli. Mwinjuma naye alicheka. Ilikuwa miaka mizuri ile. Asubuhi harufu ya petroli na chumvi, mchana wali wa nazi chini ya paa la makuti, jioni boti zote zimerudi, anazifuta moja moja huku anapiga mluzi. Hakuna jioni aliyokwenda kulala boti moja ikiwa haijarudi. Alijivunia jambo hilo kuliko kitu chochote alichowahi kufanya, na bado anajivunia.

Ila kuna boti moja aliyoitoa bila swali hata moja.

Mwaka tisini na tisa mjomba wake, Mzee Said, alikuja kumtembelea. Mluguru hahitaji kuelezwa mjomba ni nani. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mwisho juu ya shamba, juu ya ndoa, juu ya maisha yake, ni la kaka wa mama. Mzee Said ndiye aliyemlea Mwinjuma na Shadia, ndiye aliyemshika mkono akampeleka Kingolwira kujifunza injini. Alishuka na tenga la mananasi yaliyokwisha kupondeka njiani, na kwa siku tano alikuwa mtoto. Alikunja suruali mpaka magotini akatembea ufukweni tangu asubuhi. Alimtazama pweza kwenye sahani kwa muda mrefu, akamla, akaomba mwingine. Mwinjuma alimfundisha kushika usukani wa injini, na mzee alipopinda kushoto na boti ikapinda kushoto, aligeuka akacheka meno yote nje. Mwinjuma hakuwahi kumwona mjomba wake akicheka namna ile, na alitamani siku zile zisiishe.

Siku ya sita mzee akasema anakwenda kwenye fungu peke yake.

"Mjomba, kamba hii inafungwa..."

"Mwinjuma," mzee akamkatiza, wala hakupandisha sauti, "mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba."

Mwinjuma akanyamaza. Utamuuliza vipi mjomba wako kama anajua uzito wa tangi? Utamshika mabega vipi? Akaisukuma boti majini, na ubaoni hakuandika kitu, kwa sababu mjomba haandikiwi saa ya kurudi.

Kosa alilofanya Mzee Said ni la watu wa Kinole, mtu wa pwani asingelifanya. Ukitoka Kinole kwenda soko la mjini, safari inayohesabiwa ni moja, ya kwenda, maana huko ndiko una mzigo wa ndizi begani. Kurudi una tenga tupu, na tenga tupu halihesabiwi hata kama njia yote ni ya kupanda. Basi mzee akaihesabu bahari vivyo hivyo. Akaenda kwa raha zake, akalizunguka fungu mara tatu kwa furaha, akashuka akakaa juu ya mchanga. Alipoanza kurudi upepo wa mchana ulikuwa umeamka na unamjia usoni. Petroli ikaisha katikati.

Ufukweni Mwinjuma hakujua aanze kuhangaika saa ngapi, kwa kuwa hakuna saa iliyoandikwa. Saa nane alijiambia mzee ana haki ya kufurahi. Saa tisa hakuvumilia tena, akatoka kumtafuta, akazunguka akiita mpaka sauti ikamkauka. Alimkuta saa kumi na moja, mbali kusini, midomo imepasuka kwa jua, amelikalia jaketi kama mto. Boti ya mpwa ilipokaribia, mzee aligeuza uso akatazama upande mwingine.

"Mafuta yameisha," akasema. Hakusema kingine.

Aliondoka kesho yake kwa chombo cha kwanza. Tangu hapo waliongea habari za mavuno, za harusi, za wagonjwa, wala hakuna hata mmoja aliyeigusa ile siku. Mzee Said alifariki mwaka elfu mbili na sita, na Mwinjuma alifika Kinole siku mbili baada ya maziko. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na hakika ya jambo moja, kwamba mjomba alimgeuzia uso kwa hasira, na kwamba alikuwa na haki. Mpwa aliyewauliza watu wa mataifa yote alishindwa kumuuliza mtu aliyempenda kuliko wote.

Simu ikaita tena.

"Mjomba, hii hapa."

"Nioneshe nyuma, kwenye injini. Sogea. Kamba ya kuzimia iko wapi?"

Mwanahawa akasogeza simu. Mahali pa kamba palikuwa na kipande cha mpira wa baiskeli kimezungushwa ili injini isizime.

"Mpe simu mwenye boti."

Ikatokea sura ya kijana mwenye miwani ya jua. "Shikamoo mzee. Usiwe na wasi, hapo ni pua na mdomo. Hizo kamba hata sisi wenyewe hatuzitumii."

"Tangi lina nini?"

"Lipo vizuri tu, mzee. Linatosha."

"Nimeuliza lina nini. Mwambie baba watoto alinyanyue."

Kijana akacheka. Kwa nyuma Mzee Mwinjuma akamsikia Hamza akisema watachelewa, maji yatajaa na fungu litazama. Simu ikarudi kwa Mwanahawa, na mzee akamwona yule mdogo, wa miaka sita, amevishwa jaketi la mtu mzima lililompanda mpaka puani. Macho tu ndiyo yaliyobaki nje.

"Mwanahawa, nisikilize. Hiyo boti..."

Picha ikaganda. Kisha ikapotea.

Akapiga. Hapatikani. Akapiga tena. Akaingiza miguu kwenye ndala, akapanda mteremko kuelekea shamba la karafuu la juu ambako mtandao unashika vizuri, mzee wa miaka sitini na tatu, anapanda bila fimbo, na anasema peke yake njiani. Alikuwa na hofu, na haikuwa hofu ya kijana yule peke yake. Siku hizi mjomba anakumbukwa kwenye harusi na misiba. Mwanahawa ana mume, ana kazi yake, ana watoto waliosubiri safari hii mwaka mzima. Kwa nini amsikilize mzee mmoja wa Kinole kwenye simu inayokatika? Tena hakuwa hata amemaliza kusema. Kwa mara ya pili maishani mwake maneno yalikuwa yameishia njiani na boti iko majini.

Kule juu mtandao ulikuwepo, lakini Mwanahawa bado hapatikani. Saa nne ikapita, ikapita ya tano. Alihesabu kichwani: sasa wamefika, sasa wanazunguka, sasa upepo unaamka. Hakuna ubao wowote ulioandikwa saa yao ya kurudi. Adhuhuri alipoitikia adhana ya bondeni alisali palepale kwenye majani, akamwomba Mungu asimpe tena siku kama ile.

Saa saba na nusu simu ikaita.

"Mjomba, samahani, chaji iliniishia. Ndiyo kwanza tumerudi chumbani."

"Mmerudi kutoka wapi?"

"Ufukweni tu. Hatukwenda." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Yule kijana ameniambia nina roho ndogo. Hamza amenuna, haongei na mtu. Watoto wamelia mpaka wamelala. Na fungu lenyewe ndiyo basi tena, kesho asubuhi tunaondoka."

Mzee Mwinjuma akakaa chini.

"Pole mama," akasema. "Nilijua hukunisikia. Simu ilikatika sijamaliza."

"Kumaliza kwa nini, mjomba? Nilishakataa tangu alipokucheka. Babu Said alituambia, akianza Mwinjuma kuuliza mambo ya maji, mjibuni, hata kama anayeulizwa ni mkubwa wake."

Mzee akauliza, "Said yupi?"

"Babu Said, mjomba wenu. Si habari ya ile siku alipoishiwa mafuta? Alikuwa anaturudia hiyo kila tukikaa kumenya mihogo. Anasema, Mwinjuma alitaka kuniuliza, mimi nikamfunga mdomo kwa ukubwa wangu. Mimi nilidhani unajua. Nilidhani alikwambia."

"Hakuniambia."

Mzee akaihamishia simu sikio la pili.

"Alikuwa anasimulia kwa hasira?" mzee akauliza.

"Hasira ya nini? Anacheka mwanzo mpaka mwisho, anaigiza alivyolikalia lile jaketi. Ila akifika pale ulipomkuta, hapo hacheki. Anasema alikuona unakuja, umesimama kwenye boti unalia kama mtoto, akageuza uso atazame kwingine. Hakutaka ujue kwamba mjomba wako amekuona ukilia."

Mzee Mwinjuma akaishusha simu mapajani, akalia katikati ya mikarafuu, mchana kweupe, bila kujificha na mtu. Mwanahawa alimsikia, na hakukata simu.