Makaroni Yangu na Jina la Mama Trésor

Nianze na kosa kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Mimi ndiye niliyefanya mama aliyetulisha msimu mzima aitwe mulozi, mchawi. Sikumchukia. Sikutumwa na mtu. Sababu ilikuwa makaroni.

Cheka tu. Mimi pia nilicheka baadaye, nikiwa peke yangu, na kicheko hakikudumu.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kimoja hapa Lubumbashi. Mwaka huu timu yetu ya basketi ilifika finale, fainali ya vyuo, jambo ambalo hata sisi hatukulitarajia. Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba. Mpira nilijifundisha mwenyewe kwa video za simu, nikirusha kwenye ringi isiyo na wavu. Mimi ni mtu wa kunyoosha kamba za viatu kwa pasi ya nguo. Mechi ikikaribia silali, hata kama najua nitakaa benchi!

Kapteni wetu ni Trésor, wa mtaa wa Katuba. Mama yake anauza chakula mbele ya parcelle yao, kiwanja cha nyumba yao: bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wakavu wa Pweto. Kila siku ya mechi tulipitia kwake, tukanawa, tukazunguka beseni moja, tukala bure.

"Kuleni, batoto yangu, mukimbie," alikuwa akituambia.

Tukala, tukakimbia, tukashinda. Mtu mwenye akili angeacha mambo hapo. Mimi nikafungua simu!

Nikasoma kwamba wanamichezo wakubwa wa Ulaya hula makaroni kabla ya mechi, na kwamba chakula kizito hulegeza miguu. Jioni ile nikawa mtaalamu wa lishe wa timu, cheo nilichojipa mwenyewe. Hakuna aliyepinga kwa sababu hakuna aliyejua.

Finale ilipokaribia, nikiwa darasani, hofu ikanishika: nisipowaonya sasa, kombe limekwenda. Nikainama chini ya meza, nikatuma audio, ujumbe wa sauti, kwenye kundi la timu. Profesa alikuwa anafundisha, kwa hiyo nikanong'ona:

"Bandugu, iko serious. Mpaka finale ipite, muntu asikule kwa Mama Trésor. Nitabaelezea kisha."

Halafu nikazima simu, maana mimi ni mwanafunzi mwenye nidhamu.

Isikilize sasa kwa masikio ya mji wetu. Timu inashinda, finale iko mlangoni, na mtu ananong'ona kwamba chakula cha mama fulani kisiguswe. Nani atawaza makaroni? Kwetu, mtu akikataa ghafla chakula cha mkono anaoujua, watu wanawaza jambo moja tu. Kabla sijawasha simu, audio ilikuwa imepita kwa mashabiki na kufika Katuba.

Kesho yake nilikuja mazoezini na sufuria ya makaroni, yamepikwa sawasawa na maandishi ya pakiti. Hakuna aliyenisalimu.

"Mama yangu iko mulozi?" Trésor akaniuliza.

"Hapana, vieux, ndugu yangu! Ni juu ya makaroni!"

"Juu ya nini?"

Nikafunua sufuria, nikaanza kumweleza habari za nguvu za misuli. Mmoja nyuma akapiga kelele: "Docteur Makaroni!" Wengine wakacheka. Trésor hakucheka.

"Tangu jana hakuna muntu anakuya kula kwake. Bantu banapita ng'ambo ingine ya barabara. Hata ule mama wa mukate, jirani yake, amehamisha meza. Enda umuelezee yeye, na ile sufuria yako."

Sikwenda. Nilijifungia nyumbani kutunga maneno ya kuomba msamaha, kwa kuwa nilitaka yawe kamili. Nikaandika, nikafuta, nikayasema mbele ya kioo, nikabadilisha mwanzo. Finale ikafika, msamaha wangu bado haujaiva!

Siku hiyo Mama Trésor alikuja uwanjani mwenyewe, beseni kichwani. Akaliweka mbele yetu, mashabiki wakiwa wametuzunguka, wengi wao wa Katuba. Akakata tonge, akachovya, akala wa kwanza. Akameza.

"Mwenye kuogopa, abakie," akasema. Kisha akanigeukia. "Na weye, mutoto yangu, ulisema utaelezea kisha. Ile kisha yako iko leo. Kuya kula."

Nilitakiwa kunyoosha mkono tu. Tonge moja, na jina lake lingesafika mbele ya wote.

Nikaangalia saa!

Naapa, sikuwaza ulozi hata kidogo. Niliwaza kwamba mechi iko karibu na tumbo langu liko kwenye programu ya makaroni. Lakini watu waliona kingine. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Munaona? Yeye mwenyewe anaogopa."

Trésor akanipita, akachota tonge kubwa. Wengine wakafuata. Akili iliponirudia na nilipomaliza kunawa, Mama alikuwa ameshafunika beseni.

"Acha tu, monsieur," akaniambia. "Usijichafue."

Monsieur, yaani bwana! Mimi, aliyeniita mtoto wake!

Tulishinda. Yaani, wao walishinda. Kocha aliniingiza robo ya mwisho. Nikakimbia kwenda, nikakimbia kurudi, msuli wa mguu ukabana, nikaanguka nikilia kama mbuzi. Wawili walioshiba bukari wakanibeba nje bila hata kuhema.

Kombe lilikwenda Katuba kwa nyimbo. Mimi nilichechemea kwenda kwetu. Kesho yake nikaenda kwa Mama bila yale maneno niliyotunga. Nikapiga magoti mbele ya majirani, nikaeleza yote, hadi pakiti ya makaroni.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ulisema kwa kunong'ona, bantu bote bakasikia. Sasa unalia na sauti, nani anasikia?"

Wateja wamerudi, si wote. Mama wa mkate hajarudisha meza yake.

Mwenzangu unayetaka kila kitu kiwe kamili, nakuomba: usingoje msamaha wako upendeze. Upeleke siku ileile, ukiwa bado unatetemeka na maneno yamekupotea. Na mtu uliyemharibia jina akikukaribisha chakula mbele za watu, kula! Tumbo likiuma, litapona. Mama Trésor mpaka leo anapika nusu tu ya alichokuwa akipika zamani.